Kizungu Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Mama Shantel anasema alinisikia kupitia ukutani nikipanga kuiba mtoto.

Anasema ilikuwa Jumanne, saa ile ya jua kali ambapo ploti yetu hapa Kaptembwo inabaki na kuku na wagonjwa. Yeye alikuwa ameketi kitandani akichambua ndengu, mimi niko upande wangu wa ukuta naongea Kizungu na mtu. Anasema nilianza polepole, kama mtu anayempa mwenzake maagizo, kisha nikanyamaza nikisikiliza jibu, kisha nikayarudia yale yale kwa haraka. Alisikia "abducted" wazi kabisa, na neno hilo analijua kwa sababu hupita kwenye habari likiwa na picha ya mtoto aliyetekwa. Akasikia "ransom", zile pesa wanazoitisha watekaji. Akaacha ndengu. Anasema nilicheka kidogo, halafu nikasema familia imepewa hadi Ijumaa.

Ndivyo alivyomweleza Joash, msimamizi wa ploti, na Joash naye akanieleza mimi akiwa amesimama nje ya mlango wangu. Hakuingia. Siku zote Joash huingia hata bila kubisha.

Shida ya hadithi ya Mama Shantel ni kwamba karibu yote ni kweli. Jumanne nilikuwa nyumbani. Maneno hayo niliyasema, na kucheka pia nilicheka, kwa sababu ulimi uliteleza nikajiona mjinga. Kitu ambacho hakikuwepo ni huyo mtu wa upande wa pili.

Ilikuwa kazi. Kuna dada anaitwa Nikita, familia yao ina duka la vitambaa huko mjini tangu enzi za babu yake, na mimi nilikuwa nawafulia nguo. Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba yao nimekaa kwenye bomba, nangoja ndoo ijae, nasoma kwa sauti gazeti la Kizungu lililokuwa limefungiwa sabuni. Ni mazoea ya shule ya msingi, mwalimu wetu kule Rongai alikuwa anatusimamisha mbele ya darasa tusome. Nikita akasimama mlangoni.

"Soma tena hapo," akaniambia.

Nikasoma, nikidhani nimekosea kitu.

Binamu yake anaishi Warsaw, nchi ya Poland, na ametengeneza programu ya simu ya kuwafundisha Wapolandi Kizungu. Si kile cha kusalimiana. Hao watu Kizungu cha kawaida wanacho, wanachotaka ni yale maneno mazito ya ofisini, ya mahakamani, ya gazetini. Na huyo binamu alitaka sauti za watu wa kila mahali, kwa sababu Mpolandi akienda kazini atakutana na Mhindi, Mnigeria, Mskoti, na sio wote wanaongea kama redio ya London.

"Wewe sauti yako haina haraka," Nikita akasema.

"Lakini mimi niliishia darasa la nane."

"Nimekuuliza darasa?"

Basi nikaacha kufua. Kila wiki Nikita ananitumia somo kwa WhatsApp, na kila somo lina mambo yake: benki, nyumba, hali ya hewa, kilimo. Ni sentensi za Kizungu, kila moja imebeba neno moja gumu, na chini yake kuna maana kwa Kipolandi. Hicho Kipolandi sikisomi. Kina herufi za ajabu, kuna L imepigwa mstari tumboni na A iliyoota mkia. Mimi nasoma Kizungu polepole, naacha nafasi ili mwanafunzi arudie, halafu nasoma tena kwa mwendo wa kawaida. Mbwa akibweka, naanza upya. Mashine ya kusaga posho hapo nyuma ikiunguruma, nangoja inyamaze. Ili kelele zisiingie, najifunika blanketi mpaka kichwani na kugeukia ukuta ambako kitanda kimesimama, jasho linanitiririka, simu iko karibu na mdomo.

Nilidhani blanketi linameza sauti. Kumbe linazuia za nje zisinifikie mimi. Yangu ilikuwa inapita kwenye zile mbao zilizobandikwa magazeti na kuingia moja kwa moja kwa Mama Shantel. Masomo ya benki na hali ya hewa yalipita hivyo hivyo, na hakuna aliyejali. Somo la Jumanne lilikuwa Uhalifu na Sheria.

Hata hivyo, yangekuwa maneno ya bombani tu, yangeisha. Lakini Jumamosi Shantel alipotea.

Sikuwepo, na hilo ndilo linaloniumiza. Nilikuwa nimeenda mjini kwa Nikita kuchukua kipaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye simu. Narudi, nakuta wanawake wamejaa getini na Mama Shantel anazunguka bila viatu, anaita jina la mtoto kwa sauti iliyokwisha kukauka. Nikatupa mfuko wangu ndani nikaanza kutafuta pamoja nao. Nilichungulia kwenye mitaro. Nilichungulia kwenye tangi la maji mara mbili mpaka nikahakikisha mle ndani mna maji tu.

Alipatikana karibu na barabara, kwa mama anayekaanga vichwa vya kuku, amesimama peke yake analamba pipi ya kijiti. Hana hata mkwaruzo. Mama Shantel alipiga magoti kwenye vumbi akamshika mabega.

"Ni nani amekuleta huku? Ni anti Jemutai?"

"Eee," Shantel akasema.

"Ndiye amekupea hii?"

"Eee."

Jemutai ni mimi, na nilikuwa nimesimama hapo karibu kabisa. Nilimwona mtoto. Alikuwa anaangalia pipi, si mama yake. Ana umri wa kusema eee kwa kila kitu, na kwake kila mwanamke mzima ni anti. Mimi ndiye humsuka nywele wakati mama yake ameenda kuuza mboga, jina langu analijua kama anavyojua la paka.

Kisha mwanamke mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amesimama tu kutazama, akauliza, "Jemutai ndiye nani?"

Hakuna aliyejibu. Namshukuru kila mtu aliyenyamaza pale. Kuna mama mmoja huko mitaa ya chini alipigwa mawe kwa ajili ya mtoto ambaye baadaye alipatikana amelala nyuma ya kochi la kwao. Nilitaka kusema, "Ni mimi, na si mimi," lakini nikaangalia mikono ya yule mwanamke, nikayakumbuka yale mawe, nikafunga mdomo na kutembea pole pole katikati ya majirani mpaka getini. Nilijikataza kukimbia. Anayekimbia hukimbizwa.

Jioni hiyo Joash alipomaliza kunieleza pale mlangoni habari za ukutani, akasema, "Kesho baada ya kanisa, kikao. Usiende mahali, sawa? Ukienda, mimi sitaweza kukutetea."

Nikampigia Nikita.

"Pole sana, Jemu," akasema. "Lakini tafadhali usiwachezee hizo recording. Programu haijatoka bado. Mtu akirekodi aweke TikTok, binamu yangu atanimaliza. Waelezee tu, wataelewa."

Waelezee tu. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikasikia upande wa pili Mama Shantel akimwogesha mtoto, na maji yakimwagwa. Nikaogopa hata kukohoa.

Jumapili tulikaa uani chini ya kamba za nguo. Joash alileta kiti chake cha plastiki, sisi wengine tukakalia ndoo na mawe. Mama Shantel alikaa ngazi ya mlango wake, Shantel amebanwa katikati ya magoti yake.

"Sasa," Joash akasema, "mimi sitaki polisi hapa, na sitaki moto hapa. Jemutai, ongea."

Nikaongea. Nikaeleza Nikita, binamu, Poland, maneno mazito, blanketi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mwongo. Kitandani, ndani ya blanketi, ilikuwa kazi. Pale juani mbele ya nyuso za watu ilikuwa kitu ambacho hata mimi nisingekiamini.

Zeddy, anayekaa mlango unaotazamana na wangu na kuuza mitumba, alikuwa wa kwanza kucheka. "Ati wewe ndiye unafundisha wazungu Kizungu? Wewe? Wazungu wamekosa Kizungu mpaka wakakuja kukitafuta Kapte?"

"Sio wazungu wote wanajua Kizungu, Zeddy. Hawa wako na lugha yao."

"Poland ni wapi?" mtu akauliza.

"Ndiko alitoka yule Papa," akajibu Gogo Chepngeno, nyanya aliye mkubwa wetu sote pale. "Yule alikuja Nairobi. Tulienda na lori ya parokia, tukalala kwa nyasi. Ni watu wa kuomba sana."

"Kuomba si shida, Gogo," Zeddy akasema. "Mimi ni hiyo ransom nataka kuskia."

"Haya, cheza hiyo kitu tusikie," Joash akaniambia.

Nilimwona Zeddy ameegemeza simu yake gotini, kamera ikinitazama. Nikamfikiria Nikita. Kisha nikamfikiria yule mwanamke wa Jumamosi aliyeuliza Jemutai ndiye nani, nikafungua somo la Uhalifu na kubonyeza.

Sauti yangu ikatoka. Sikuwahi kuisikia mbele ya watu. Ilikuwa imetulia mno, haina haya wala huruma. Ikasema, "The infant was abducted in broad daylight." Mtoto mchanga alitekwa mchana kweupe. Halafu kimya.

"Hapo!" Mama Shantel akaruka. "Mmeskia? Hapo ananyamaza! Anaskiza mwenzake!"

Hilo la kimya sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Na ni kimya kirefu, kwa sababu Nikita aliniambia ulimi wa mtu mzima unahitaji muda kuzunguka maneno kama hayo. Nikawaangalia. Zeddy hacheki tena. Mtu mmoja alisimama kutoka kwenye ndoo yake, na ndoo ikaanguka. Nikajaribu kusema ni nafasi ya mwanafunzi, lakini sauti yangu ya simu ikanizidi nguvu, ikarudia ile sentensi kwa haraka, kisha ikaingia ya pili, polepole:

"The kidnappers demanded a ransom by Friday."

Watekaji waliitisha pesa zao kufikia Ijumaa. Kimya tena. Na ndani ya kile kimya Joash, akiwa ameinama anatazama chini, mikono juu ya magoti, akasema kwa sauti ya kuimba, "The kidnappers demanded a ransom by Friday."

Kila mtu akamgeukia. Yeye mwenyewe alishtuka.

"Nini?" akasema. "Si amesoma halafu akanyamaza? Mwalimu akisoma akanyamaza, wewe unafanya nini? Si unarudia? Kwani hamkuenda shule?"

Zeddy akashika mdomo. Sentensi ya tatu ilipokuja na kuacha nafasi yake, watu wanne au watano waliirudia pamoja, kwa ule wimbo wa darasani ambao kila mtoto aliyesomea huku ameuimba. Hata Gogo Chepngeno, asiyejua Kizungu, alidaka mkia wa sentensi akaurusha hewani. Kicheko kikapasuka.

"Wee, mimi nilichapwa sana kwa sababu ya hicho kimya!" Zeddy akapiga kelele.

Nikaharakisha kutafuta somo lingine kabla mambo hayajageuka. Nikapata lile la Nyumba. Sauti yangu ikasema, "The tenant was reluctant to vacate the premises."

Joash akainua kichwa. "Hiyo ni nini?"

"Mpangaji alisitasita kuhama."

"Rudia hiyo. Hiyo nitaandika kwa geti."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Nilimwona yule aliyesimama akirudi kuokota ndoo yake akakaa. Halafu nikageuka kumtazama Mama Shantel.

Alikuwa ameweka kiganja kifuani kwa mtoto, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Mnacheka," akasema. Hakupaza sauti. "Jana nilikimbia hiyo barabara yote bila viatu nikiangalia mtaro mmoja mmoja. Nilikuwa natafuta rangi ya sweta yake tu. Chekeni. Mtoto si wenu."

Kicheko kikaisha.

"Kazi unayo, sawa," akaniambia mimi. "Nimeskia. Kwani mtu wa kazi hawezi kuiba? Ulikuwa wapi jana? Mtoto wangu amesema ni wewe. Hiyo simu yako imejibu mambo ya Jumanne. Ya jana nayo itajibu nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikasema nilikuwa mjini kwa Nikita. Nikaona jinsi jina la Nikita linavyoanguka chini bila kushikwa na mtu. Hakuna pale aliyewahi kumwona.

Joash alikuna shingo. "Mimi naonelea hivi. Mwenye mtoto ndiye mwenye neno. Mama Shantel akisema Jemutai abaki, anabaki, na asiguswe na mtu. Akisema aende, mwisho wa mwezi nafungua hiyo nyumba kwa mtu mwingine. Mama Shantel, utaniambia. Kikao kimeisha."

Nikatamani angeamua yeye, hata kama ni vibaya.

Nyumba ni nyingi Kaptembwo, mtu anaweza kusema. Lakini siku hizi msimamizi wa ploti mpya hupigia yule wa zamani simu kabla hajakupa ufunguo. Ataambiwa nini? Kwamba nilihamishwa kwa mambo ya mtoto. Neno hilo lingetangulia mbele yangu kila nitakakokwenda, na lingefika Rongai kwa mama yangu kabla yangu, likiwa limeongezwa mawe na kiberiti. Wala sio hapa tu. Ningekuwa nikisoma sentensi kwenye ukuta mwingine, na jirani mwingine anasikiliza.

Leo asubuhi Nikita ametuma somo jipya, Magonjwa na Msiba. Sentensi ya kwanza ni ya familia iliyofiwa. Nimeiangalia, nikauangalia ukuta. Nimejifunika blanketi na kujifunua tena bila kurekodi hata neno.

"Jemu, unarekodi leo?" ameandika. Nimeandika nitarekodi, nikafuta.

Nimetoka nje. Mama Shantel hakwenda sokoni, alikuwa anafua karibu na bomba, mgongo kwangu. Tumefua pamoja kwa watu, mimi na yeye, kabla hajaanza mboga. Najua anavyosugua kola kwanza, najua akiwa na hasira anaongeza sabuni. Povu lilikuwa limejaa beseni mpaka linamwagika.

"Mama Shantel."

"Nakuskia."

"Sijakuja kubishana."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Nilichuchumaa, lakini si karibu sana. Sikutaka anione niko juu yake.

"Jumamosi nilikuwa nimesimama hapo. Ulimuuliza, ni anti Jemutai? Akasema eee. Ukamuuliza, ndiye amekupea hii? Akasema eee. Ungemuuliza kama ni Gogo, angesema eee."

Mikono yake ikasimama ndani ya povu. "Kwa hivyo mtoto wangu ni mwongo."

"Hapana. Shantel si mwongo. Ni mdogo."

"Usimtaje jina."

"Sawa, sitamtaja."

Akarudi kusugua. Nikaona kwamba kama ningenyamaza hapo angemaliza kufua, aingie ndani, halafu aende kwa Joash. Nikasema lile nililokuwa nimeliogopa, kwa sababu nilijua likimwingia halitatoka, na hatalala.

"Mama Shantel, kuna mtu alimpa hiyo pipi. Mtoto hakuinunua. Mimi nikifukuzwa hapa, utafurahi, utapumzika. Lakini kama si mimi, huyo mtu bado yuko hapa nje. Ameshajulikana na mtoto. Na wewe utakuwa umeacha kumtafuta."

Safari hii aligeuka akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye amekesha akisikiliza mlango. Nilidhani atanimwagia lile povu.

"Naomba kitu kimoja tu," nikasema. "Ukiniambia nihame baada ya hapo, nitahama, sitasubiri Joash. Muulize tena. Mimi nisiwepo, Joash asiwepo. Usitaje jina langu, usitaje la mtu yeyote. Muulize tu alikuwa na nani, halafu umwache aseme mwenyewe."

Aliinua sweta ya shule kutoka kwenye beseni, akaikamua mpaka haikutoa tone, akaikung'uta. Hakuianika. Shantel alikuwa ametokea mlangoni, kidole mdomoni, ananitazama mimi kisha mama yake.

"Rudi ndani," mama yake akamwambia.

Mtoto akarudi. Mama Shantel akapanda ile ngazi, sweta mbichi mkononi, akamfuata. Pazia la mlango likashuka nyuma yake. Nguo zingine zilibaki ndani ya beseni, bomba likidondosha maji.

"Utamuuliza?" nikasema.